Datsun ya marehemu kwa Ioniq ya umeme, nibadilishe?

Mwezi huu barua zimekuja za namna moja, watu wako na magari ya zamani ya spidi na macho yameshaenda kwa ya umeme. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeiacha ndefu vile ilivyokuja kwa sababu mwenyewe ameandika jibu lake mle ndani bila kujua.

SWALI: Fundi, salamu nyingi kutoka Nakuru. Mimi ni mwanaume wa miaka 47 na nina Datsun 240Z ya 1972, nyekundu, niliachiwa na marehemu baba. Mzee alikuwa mgonjwa wa Safari Rally kabisa, kila Pasaka anasimama kando ya barabara na thamosi ya chai anangoja vumbi, na 1973 Shekhar Mehta aliposhinda na gari kama hii akaapa lazima ataipata, na akaipata kweli, mkono wa pili, miaka sita baadaye. Sasa iko kwangu. Natoka nayo Jumapili mbili kwa mwezi kama hakuna mvua. Mwaka huu pekee nimebadilisha pampu ya maji na masta ya klachi, kabureta zimeenda kwa fundi mara tatu na bado asubuhi inakohoa kama mzee wa sigara, na juzi nimeona kutu chini ya betri. Hapo ndipo jamaa mmoja wa yadi Nairobi akaniambia atanichukulia Datsun, nimwongezee pesa juu, aniletee Hyundai Ioniq 5 N ya 2024 kutoka Uingereza. Nimeshaendesha moja ya rafiki, nilikanyaga nikasahau jina langu. Mke wangu anasema chukua, amechoka na harufu ya petroli inayotoka gereji mpaka jikoni. Kaka yangu mkubwa anasema nikiuza Datsun ya mzee nisimwite kaka tena. Kazini naenda na Subaru Forester ya 2009, kilomita kama 50 kwenda na kurudi, na hiyo petroli imenimaliza kwa hivyo umeme ungenisaidia pia upande huo. Usinipe jibu la kunifurahisha, niambie wewe ungefanya nini. – Mtoto wa Mzee wa Datsun

JIBU: Ndugu yangu, nimeisoma barua yako mara mbili na ile ya pili nikacheka peke yangu pale gereji mpaka vijana wakaniangalia. Umenieleza Datsun tangu mzee aape mpaka kutu ya chini ya betri, ukanieleza Hyundai mpaka ukasahau jina lako, halafu ile gari inayokula pesa zako umeitaja pale mwisho kama mtu aliyekumbuka kitu akiwa tayari mlangoni. Ni Subaru bwana. Datsun inatoka Jumapili mbili, hata ikiwa mlevi wa petroli namna gani haiwezi kukumaliza. Kama unataka umeme nyumbani kwako, gari ya kuondoka ni Forester.

Lakini hukuniuliza hivyo, uliniuliza hizi mbili, basi twende nazo.

Ioniq 5 N ni mashine, sitakudanganya. Kilowati 478 ukibonyeza kile kitufe chekundu cha kwenye usukani, yaani kama hospawa 640, japo ni kwa sekunde 10 tu halafu inapumzika kidogo. Kutoka sifuri hadi mia sekunde 3.4. Datsun yako ilipotoka kiwandani karatasi ilisema hospawa 151, na hizo zilikuwa za kupima injini ikiwa uchi mezani, bila egzosi yake kamili wala mizigo mingine, na ilihitaji kama sekunde 8 kufika mia. Halafu kuna jambo ambalo wenzetu wanaokaa karibu na usawa wa bahari hawasumbuki nalo. Wewe uko Nakuru, mita 1,850 juu. Injini ya kabureta inapoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda kwa sababu hewa ni nyepesi, kwa hivyo hata hizo 151 kwako ni kama 123 na gari ikiwa mzima. Mota ya umeme haina mapafu, Nakuru na Malindi kwake ni sawasawa. Ndiyo maana ulisahau jina.

Sasa kitu kinachonichekesha kuhusu hiyo Hyundai ni kwamba haina gia, lakini Wakorea wakakaa chini wakaitengenezea gia nane za uongo, ukivuta kile kijiti cha nyuma ya usukani inakurusha kidogo kama inabadilisha na spika zinapiga kelele ya injini isiyokuwepo, hata inagonga limita, kile kizuizi cha mizunguko ya injini, ukichelewa. Na nakwambia inafanya kazi, mimi mwenyewe nilitaka kuidharau nikashindwa. Lakini jiulize, kampuni imetumia pesa zote hizo kuiga kitu gani? Kitu ambacho wewe kiko gereji kwako kinakohoa.

Tukija kwa hiyo kikohozi. Kabureta zikipelekwa kwa fundi mara tatu na shida inarudi, mara nyingi shida haiko kwa kabureta. Anza na hewa inayovuja kwenye gasketi za manifodi, uangalie choki kama inavuta zote mbili sawa, na umuulize fundi wako alizisawazishaje, kwa kipimo cha hewa au kwa sikio, na kama sindano zilizomo ni za nchi tambarare hapo Nakuru zitamwaga petroli nyingi na plagi zitakuwa nyeusi tii. Na harufu ya petroli mpaka jikoni, hilo mke wako yuko sahihi kuliko sisi sote. Hiyo sio tabia ya gari ya zamani, ni hozi zimekauka zikapasuka au floti inafurika, na 240Z inajulikana dunia nzima kwa hozi zake za mvuke kule nyuma. Hiyo ni moto unangoja cheche. Wiki hii, kabla hujaamua kuuza au kutouza, badilisha hozi zote za petroli kutoka tangi mpaka mbele, sio kesho kutwa.

Kutu ya chini ya betri pia ni ugonjwa wa ukoo. Asidi inadondoka inakula ile sahani halafu inashuka kwenye reli za chesisi. Chukua bisibisi, ingia chini, gonga reli, ikisikika kavu uko salama, ikizama jiandae kukata na kuchomelea chuma kipya. Usikubali fundi akupake fila juu apige rangi, mnunuzi anayejua Datsun atakuja na sumaku mfukoni.

Halafu huyo jamaa wa yadi. Sina shida na watu wa yadi, kila mtu na riziki yake, lakini hebu angalia biashara yenyewe ilivyokaa. Akikuchukulia gari na kukuuzia nyingine kwa pamoja, bei mbili zinachanganyika na wewe unabaki kuona ile ya kuongezea tu. Datsun ataihesabu kama gari ya miaka zaidi ya 50, ati nakusaidia kuiondoa, kumbe ameshampigia mtu simu. Wanaozitafuta 240Z ni watu wa East African Safari Classic, rali ya magari ya zamani iliyoanza 2003, na wakusanyaji wa Uingereza na Australia ambao usukani wa kulia kwao ndio wanaoutaka. Gari hii iliishinda Safari mara mbili, 1971 na Edgar Herrmann, na hiyo ya 1973 ambayo mzee wako aliishuhudia, na hiyo ya pili ilikuwa kizaazaa kwa sababu Mehta na Harry Källström walimaliza na pointi sawa, wote kwa Datsun, Källström akiwa na 1800 SSS, ikabidi waangalie nani alienda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Mnunuzi analipia hadithi kama hiyo, wa yadi hailipii. Ukiamua kuuza, uza kwa pesa, peke yake, kwa mtu anayejua anachonunua. Angalia namba ya chesisi ianze na HS30, hiyo ndiyo ya usukani wa kulia kutoka kiwandani, na namba ya injini ya L24 ilingane na ile ya kwenye kibati. Zikilingana usikubali bei ya kwanza wala ya pili.

Na logibuku iko kwa jina la nani? Umesema niliachiwa na marehemu, hukusema nimehamisha. Kama bado ni jina la mzee, huwezi kuhamisha bila karatasi za mirathi kutoka kortini, na hapo ndipo kaka yako ana haki ya kusema zaidi ya maneno ya hasira. Nimeona gari tatu zimekwama hivyo, pesa imeshaliwa, mnunuzi anadai, ndugu hawasalimiani. Kaa na kaka yako kwanza, na mpelekee gari umeifua.

Upande wa Ioniq yenyewe, tuseme umeipata. Betri ni ya uniti 84. Ukiichaji kwa soketi ya kawaida ya ukutani, ambayo usiivute zaidi ya ampea 10 usiku kucha, ni kama saa 36. Kwa hiyo utafunga chaja ya ukutani ya kilowati 7, waya wake nene na sakiti yake peke yake kutoka kwa meta, na itajaza kwa saa 12 hivi. Zile dakika 18 zinazotangazwa, kutoka asilimia 10 hadi 80, ni kwa chaja ya kilowati 350, na hiyo hutaikuta petroli stesheni ya hapo mtaani. Tairi ni 275/35 R21, ulizia bei ya nne kabla ya kuuliza bei ya gari, halafu fikiria mashimo na matuta ya kwako na ukuta wa tairi mwembamba kiasi hicho ukiwa umebeba tani 2.2, maana hiyo gari ni nzito kuliko Datsun mbili ukaongeza abiria. Mwaka 2024 Hyundai iliita Ioniq 5 nyingi zirudi kurekebishwa kifaa kinaitwa ICCU, kikiharibika betri ndogo ya volti 12 haichajiwi na gari inakufa njiani, basi kabla ya kulipa chochote wape muuzaji kazi ya kuthibitisha kwa namba ya chesisi kwamba ilishafanyiwa. Waranti ya betri ya Uingereza usidhani itapanda meli na gari. Na ushuru, KRA, wale wa kodi, haihesabu ulichonunulia, inahesabu CRSP, yaani bei ya gari hiyo ikiwa mpya kwenye orodha yao, ikitoa umri, kwa hiyo mwambie ejenti akupigie hesabu kwa maandishi mapema.

Bei pia inaanguka. Porsche Taycan za 2020 sasa hivi Uingereza zinauzwa chini ya nusu ya bei zilipokuwa mpya, na sio mbovu, ni vile tu magari ya umeme ya bei kubwa yanavyoshuka. Kwa anayenunua ya mkono wa pili hiyo ni raha, ila kumbuka inaendelea kushuka ikiwa kwako. 240Z haijashuka miaka mingi.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi. Kwenda kazini kilomita 50 kwa gari ya hospawa 640 ni kununua jahazi la kuvukia Likoni. Nissan Leaf ya kawaida kutoka Japani, betri ya uniti 40, inatumia kama uniti 8 na nusu kwa hizo kilomita zako, inarudi kwa saa nne kwa soketi hiyohiyo ya ukutani wakati umelala. Ukichukua umeme shilingi 30 kwa uniti na petroli 180 kwa lita (weka bei za mwezi wako), kilomita 1,200 za mwezi kwa Forester ni karibu 23,800, kwa Leaf ni kama 6,100. Hiyo tofauti ndiyo inatengeneza kabureta, hozi, na reli za chesisi, bila kumuuza mtu yeyote.

Na usidhani nasema hivi kwa sababu ya machozi ya urithi. Mimi nilikuwa na Alfa Romeo GTV 2000, nikaiuza na sikulia, kwa sababu ilishageuka kuwa deni lenye matairi manne, miezi minane haijatoka, kila nikifungua turubai naona bili. Wewe yako inatoka Jumapili mbili kwa mwezi. Siku utakapogundua mwaka mzima umeisha hujaiwasha, niandikie tena na nitakutafutia mnunuzi mwenyewe.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mume wangu ana Toyota Supra ya 1994, ile ya tabo mbili, anaipenda kuliko mimi. Sasa amegeuka, anataka aiuze aagize Tesla Model S Plaid kutoka mnada wa Marekani, ameona moja bei chee kabisa, anasema imegongwa kidogo tu nyuma. Nimwache? – Mama Junior, Kigamboni

JIBU: Dada usimwache, mfichie simu kwanza halafu msome pamoja.

Plaid ina hospawa 1,020 na inafika mia kwa sekunde 2.1, hapo hajadanganywa. Ila Plaid ni usukani wa kushoto tu, Tesla ilitangaza 2023 kwamba Model S na X za usukani wa kulia haitatengeneza tena. Mfikirie njia ya Chalinze kwenda Morogoro, mbele kuna lori, yeye amekaa upande wa mtaro haoni kitu, na wewe uliyekaa upande wa katikati ya barabara ndiye unayechungulia na kumwambia pita, hapana ngoja, pita sasa. Ndoa ngapi zinaweza hiyo?

Hiyo ya kugongwa ndiyo mbaya zaidi. Tesla ikishaandikwa kwenye karatasi za Marekani kuwa ni salveji, yaani gari iliyogongwa ikafutwa na bima, kampuni inaifungia kuchaji kwa chaja za kasi, wanafanya kwa kompyuta wakiwa kwao hukohuko, na hata fundi wako awe hodari vipi hafiki hapo. Halafu plagi ya kuchajia ya Marekani sio ya CCS2 wanayotumia Ulaya, na Tesla haina gereji yake Tanzania wala Kenya, kila kitu ni kubahatisha na kuagiza. Kama lazima iwe Tesla, achukue Model 3 Performance ya Uingereza, usukani wa kulia, plagi ya CCS2, isiyogongwa.

Na mwambie kingine ambacho labda hajakifikiria. Wamarekani sheria yao inawaruhusu kuingiza gari ya nje ikifikisha miaka 25, ndiyo maana Supra za kama ya kwake zinawindwa mpaka Japani zinaisha. Yaani yeye anataka kutoa kitu ambacho wao wanakitafuta kwa tochi ili achukue kile walichokigonga wakakitupa mnadani.

SWALI: Shikamoo fundi. Babu ameacha MGB ya 1969 uani kwetu Kizingo, Mombasa, haina injini wala giaboksi, vilishauzwa zamani. Nimepata Nissan Leaf iliyogongwa, betri ya uniti 24, nataka niweke umeme wake ndani ya MGB. Wazee wa magari ya kale wananiambia ni dhambi. – Kijana wa Kizingo

JIBU: Marahaba mwanangu. Dhambi ingekuwa kutoa injini nzima inayoguruma ukaitupa. Hiyo yako ni ganda, na ganda la pwani lisipotumika chumvi inalimaliza.

Wazee wasikutishe lakini pia wasikilize. Jaguar wenyewe waliweka umeme kwenye E-Type yao ya 1968, na Mei 2018 Prince Harry akaondoka nayo kwenye harusi yake dunia nzima ikitazama. Mwaka uliofuata FIVA, shirikisho la dunia la magari ya kale, likasema gari iliyobadilishwa hivyo haihesabiki tena kuwa gari ya historia. Wote wana hoja. Ushauri wangu ni usikate wala usichomelee kitu kwenye bodi, tengeneza mabano ya kufunga kwa bolti kwenye matundu ya injini ya zamani, ili mjukuu wako akipata injini ya MG aweze kurudisha.

Kwa hesabu zinafaana vizuri, mota ya Leaf ni kilowati 80, yaani hospawa 107, na MGB ilikuwa na 95 hivi. Uzito ndio wa kuangalia. Betri ya Leaf nzima ni karibu kilo 300 na gari yako yote ilikuwa chini ya tani, ukiijaza yote kwenye buti pua itaangalia mbinguni na breki za mbele hazitashika. Igawe, nyingine mbele ilipokuwa injini, nyingine nyuma ya viti na palipokuwa tangi. Betri za Leaf hazipozwi kwa maji, na joto la Mombasa hazilipendi, kwa hiyo iachie nafasi ya upepo na ipime kabla ya kulipa, ukiikuta imebaki uniti 16 au 17 itakupeleka kama kilomita 110, Mtwapa na kurudi mara mbili.

Ila sikiliza hapa vizuri. Umeme wa betri hiyo ni karibu volti 400 na ni wa DC, ukikushika haukuachii. Toa ile plagi ya usalama ya betri, ngoja dakika kumi au zaidi, vaa glavu za volti 1,000, na usifanye peke yako usiku na koleo ya kuazima. Kuna watu hapa Kenya waliojifunza kazi hii kwa gari za watalii, kampuni ya Opibus ambayo sasa inaitwa Roam ilianza 2017 na ikageuza Land Cruiser za safari kuwa za umeme, tafuta fundi aliyepita mikono ya namna hiyo hata kama ni wa kukuangalia tu. Na ukimaliza peleka NTSA, wale wa usajili wa magari, ikaguliwe ibadilishwe kwenye logibuku, injini imebadilika hiyo.

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Niko Muscat, asili yetu Unguja. Miezi minne iliyopita nilitoa Porsche 911 ya 1996 nikachukua Taycan 4S. Kwa kweli sina la kulalamika, baridi ya AC iko, haraka ipo, mama watoto analala njia nzima tukienda Nizwa. Ila mimi nikishuka sigeuki kuitazama. Ile ya zamani nilikuwa nageuka. Nifanyeje, na hili joto litaiua betri? – Abu Salim

JIBU: Waalaykum salaam Abu Salim. Nianze na la pili maana ndilo jepesi. Betri ya Taycan inapozwa kwa maji, joto la Muscat haliiui ukiishi nayo kwa adabu. Usiiache juani mchana kutwa ikiwa imejaa asilimia mia, ichaji hadi 80 siku za kawaida, chaji usiku, na ukienda chaja ya kasi iwekee kituo hicho kwenye ramani ya gari kabla hujaondoka, itaanza kujiandaa yenyewe njiani. Mchana wa Juni ukiona inachaji polepole ujue inajilinda.

La kwanza ni gumu kidogo. Ile 911 ya kwako ni 993, ya mwisho kupozwa kwa hewa, ziliisha 1998 na hakuna nyingine zitakazotengenezwa, na aliyeichukua kwako anajua hivyo kuliko unavyodhani. Kuirudisha utalipa zaidi ya ulichopewa, jiandae kisaikolojia. Porsche wanauza ile sauti ya spika, Electric Sport Sound, kama huna unaweza kuongezewa, lakini mtu aliyezoea feni la 993 likivuma nyuma ya mgongo wake hiyo haimdanganyi hata dakika moja.

Kama mfuko unaruhusu, mwachie mama watoto Taycan, kwa maelezo yako inaonekana ni yake tayari, na wewe mpigie yule uliyemuuzia umuulize tu kama bado anayo. Ukipiga, usimwambie kwamba hugeuki, bei itapanda palepale.